Beryl Markham: Rubani Aliyepimana Nguvu na Upepo

Wahenga walisema safari ni hatua. Hawakukosea, ila wao walikuwa wakitembea kwa miguu. Safari ya ndege, msomaji mpendwa, ni hatua na upepo. Kabla hujacheka nipe dakika chache nikueleze nilivyojua jambo hili.

Hapa kwetu Dallas, nami nasema Dallas ya Embu wala si ile ya Marekani, mtu akitaka kwenda Meru anateremka mpaka stendi na kupanda matatu. Barabara inauzunguka Mlima Kenya kama nyoka. Unapita Runyenjes, unateremka kwa mto Thuci, unapanda tena mpaka Chuka, unavuka daraja la Nithi huku abiria wakinyamaza kimya, kisha Igoji, Nkubu, na ndipo Meru. Ni zaidi ya kilomita 120, na kama makanga ana tamaa ya abiria utachukua hata saa tatu. Lakini hebu chukua atlasi, weka rula kutoka Embu hadi Meru na upime. Utapata kama kilomita 70 tu! Ndege ndogo ya miaka ya 1930, iliyokuwa ikienda kilomita 140 kwa saa, ingetumia nusu saa.

Hesabu hiyo tuliifanya siku moja chamani, tukajiona wajanja kweli kweli. Mwalimu mlezi wa chama akatuuliza swali moja tu: na upepo je? Tukabaki tunatazamana kama kuku walionyeshewa. Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba, na huko ndiko nilikokutana na maisha ya mama mmoja aliyekulia hapa Kenya, Beryl Markham. Alipimana nguvu na upepo usiku kucha, juu ya bahari, akiwa peke yake.

Najua baadhi ya wanachama wenzangu watauliza kwa nini niandike habari za mlowezi ilhali tuna mashujaa wetu. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Ila kwanza tumjue huyo mtu.

Beryl Clutterbuck alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfunzaji wa farasi wa mashindano. Beryl alipokuwa na umri wa miaka minne hivi familia ilihamia nchi hii, wakati huo ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, wakakaa Njoro katika Bonde la Ufa. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia walowezi ardhi kama mtu anavyogawa njugu, wala wenyewe hawakuulizwa. Mama yake Beryl alishindwa na maisha ya huku. Akarudi Uingereza na kaka yake Beryl, Richard, naye msichana akabaki na baba.

Baba mwenyewe alishinda na farasi na kinu chake cha kusaga unga. Basi mtoto alilelewa na nani? Alilelewa na majirani na wafanyakazi wa shamba, hasa Wakipsigis na Wanandi. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, mwana wa arap Maina. Walikimbia pamoja, wakaruka pamoja, wakajifunza kutupa mkuki na kuwinda nguruwe mwitu pamoja. Beryl alizungumza Kiswahili na lugha ya wenzake vizuri, na viatu alivaa kwa kulazimishwa. Siku moja simba aliyefugwa na jirani mlowezi alimrukia na kumjeruhi, akaokolewa. Mtoto mwingine angeogopa maisha yake yote, lakini huyu hakuonekana kubadilika.

Kisha shida ilibisha hodi. Baba yake alikuwa ametia sahihi mikataba ya kuuza unga kwa bei isiyobadilika. Ukame ukaja, mahindi na ngano zikapanda bei, naye akalazimika kununua ghali na kuuza rahisi. Ukijua hesabu kidogo tu utajua mwisho wake. Alifilisika, shamba likaenda, akasafiri hadi Peru kutafuta riziki. Beryl, akiwa bado kijana mdogo, akabaki Kenya na ujuzi mmoja tu aliourithi, yaani kufunza farasi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Akaomba leseni ya mfunzaji akaipata, jambo ambalo wanawake hawakuwa wamelizoea. Mwaka 1926 farasi wake jike aitwaye Wise Child, aliyekuwa na miguu mibovu, alishinda mbio kubwa za St. Leger jijini Nairobi. Watu wakaanza kulijua jina lake.

Lazima niseme ukweli hapa, maana tukiandika maisha ya mtu tukaficha mabaya tunaandika hadithi. Beryl aliolewa mara tatu na ndoa zote zikavunjika. Jina la Markham alilipata kwa mume wa pili, Mansfield Markham. Mtoto wao wa pekee, Gervase, aliyezaliwa mwaka 1929, alilelewa Uingereza bila mama yake. Huyu aliyevuka bahari hakuweza kuuvuka umbali kati yake na mwanawe. Mimi nililisoma jambo hilo nikanyamaza.

Sasa tuingie kwenye ndege. Mwaka 1929 mama mwingine wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways. Ndiyo, ule uwanja wa Wilson tunaousikia kila siku umepewa jina la mwanamke! Rubani wake mkuu aliitwa Tom Campbell Black, na huyu ndiye aliyemfundisha Beryl kuruka. Mwaka wenyewe, 1931, ulianza vibaya. Tarehe 14 Mei rafiki yake Beryl, Denys Finch Hatton, aliruka kutoka Voi na ndege yake ndogo ikaanguka pale pale na kuwaka moto. Alikufa yeye pamoja na mfanyakazi wake Mwafrika aliyeitwa Kamau. Mtu mwenye akili ya kawaida angeacha masomo ya urubani siku hiyo hiyo. Beryl hakuacha. Mwezi Julai akapata leseni yake ya kwanza, na baadaye akapata ile ya kubeba abiria na mizigo kwa malipo.

Mwezi Aprili 1932, akiwa na uzoefu wa chini ya mwaka mmoja, alipanda ndege yake aina ya Avro Avian na kuruka peke yake kutoka Nairobi hadi Uingereza. Siku hizi abiria anapanda jioni Nairobi na kunywa chai ya asubuhi London. Yeye safari yake ilikuwa ya siku nyingi, kwa sababu tangi la mafuta lilikuwa dogo na ilibidi kutua, kujaza, kulala na kuendelea. Marubani wa wakati huo walifuata mto Nile: Kisumu, Juba, Malakal, Khartoum, Kairo. Kati ya Juba na Malakal kuna kinamasi cha Sudd, matope na matete mpaka upeo wa macho. Injini ikizima hapo huna pa kutua, na hata ukitua salama huna njia ya kutoka kwa miguu.

Kazi aliyoifanya hapa nyumbani ndiyo iliyonivutia zaidi. Alipeleka barua, abiria, dawa na vipuri mahali ambapo gari lingechukua siku kadhaa. Usiku mmoja alipeleka chupa ya oksijeni kwa mchimba dhahabu aliyekuwa mgonjwa mahututi huko Nungwe, kusini mwa Ziwa Viktoria, nchini Tanganyika. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Fanya hesabu yetu ileile: 500 gawanya kwa 140, unapata saa tatu na nusu na ushei. Lakini ongeza haya. Hakuwa na redio. Ramani zilikuwa na sehemu kubwa zisizochorwa kitu. Uwanja ulikuwa kipande cha ardhi kilichofyekwa porini, na taa zake zilikuwa mienge ya moto iliyowashwa na watu waliosubiri gizani. Akikosea nyuzi chache tu za dira, anaipita mienge bila kuiona, na mafuta hayamsubiri. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba umbali kati ya viwanja viwili vya mbali haupimwi kwa rula peke yake. Unapimwa kwa mafuta yaliyobaki, kwa giza na kwa upepo.

Tena upepo una tabia zake. Ndege inaenda ndani ya hewa kama mtumbwi unavyoenda ndani ya maji. Maji yakikuelekea unapiga kasia lakini ufuko hausogei upesi. Ndege ikiwa na mwendo wa kilomita 140 kwa saa, ikakutana na upepo wa mbele wa kilomita 40, basi chini ardhini inasonga kilomita 100 tu kila saa. Upepo huo ukiisukuma kutoka nyuma inasonga 180. Ndege ni ileile, umbali ni uleule, lakini saa ni tofauti kabisa. Mabaharia wa pwani yetu walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya ndege. Waliteremka kutoka Uarabuni kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Aliyebishana na msimu alikaa bandarini miezi mizima akila akiba yake.

Naye Beryl aliamua kubishana na msimu. Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini ina pepo zinazovuma sana kutoka magharibi kwenda mashariki. Charles Lindbergh alipotoka New York hadi Paris mwaka 1927, kilomita kama 5,800 kwa saa 33 na nusu, alikuwa akielekea upande mmoja na pepo hizo. Amelia Earhart naye, mwaka 1932, alitoka Newfoundland akaelekea mashariki hadi Ireland ya Kaskazini. Kinyume chake, yaani kwenda magharibi ukiwa peke yako, alikuwa ameweza Jim Mollison mwaka huo wa 1932, akitokea Ireland. Kutoka Uingereza yenyewe moja kwa moja hadi Amerika, mtu mmoja ndani ya ndege, hakuna aliyekuwa ameweza.

John Carbery, mlowezi tajiri wa Nyeri, alikubali kumwazima Beryl ndege mpya aina ya Vega Gull yenye injini moja. Waliipa jina The Messenger, yaani Mjumbe. Ndani ya chumba cha abiria viti vilitolewa, mahali pake pakawekwa matangi ya mafuta. Redio hakubeba, kwa sababu uzito wote ulikuwa wa mafuta. Matangi hayo hayakuwa na kipimo cha kuonyesha mafuta yaliyobaki. Ilibidi angoje tangi moja likauke kabisa, injini ikohoe na kuzima, ndipo afungue la pili haraka gizani kabla hajagusa maji. Jamani! Mimi taa za umeme zikizimika tu usiku nashtuka.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka uwanja wa kijeshi wa Abingdon, karibu na Oxford. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa akielekea New York, umbali wa kilomita kama 5,500. Mvua ilimpokea, mawingu yakamfunika, na upepo wa mbele ukamkabili usiku kucha. Tangi la kwanza lilipokauka injini ilizima, ndege ikaanza kushuka kuelekea baharini, naye akapapasa gizani kutafuta kifungulio. Injini ikawaka tena ikiwa imebaki nafasi ndogo sana juu ya mawimbi. Asubuhi ilipofika hakuona nchi kavu. Saa zikazidi kwenda. Mwishowe akaiona pwani ya Kanada, na pale pale, wakati wa kufurahi, injini ikaanza kukohoa tena. Tangi la mwisho lilikuwa na mafuta, lakini barafu ilikuwa imeziba tundu la kupitishia hewa, kwa hiyo mafuta hayakuteremka vizuri.

Alitafuta mahali pa kutua akaona uwanda wa kijani. Kumbe ni kinamasi! Magurudumu yalizama, ndege ikasimama kwa pua, naye akajigonga kichwa na kukatika kipaji cha uso. Alikuwa Baleine, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia. Ilikuwa tarehe 5 Septemba, na alikuwa angani kwa saa 21 na dakika 25.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye utamu. Kutoka Abingdon hadi Baleine kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 4,200. Gawanya kwa saa 21 na dakika 25, unapata kilomita 196 hivi kwa saa. Lakini Vega Gull katika hewa tulivu iliweza kwenda zaidi ya kilomita 240 kwa saa. Kwa mwendo huo angefika baada ya saa 17 na nusu. Saa karibu nne zilienda wapi? Nyingi ziliibwa na upepo, nyingine zikaliwa na uzito wa mafuta na kuyumba njiani. New York ilikuwa bado mbele kwa kilomita kama 1,300. Kwa rula, Beryl alishindwa kufika. Kwa mtu yeyote anayejua upepo ni nini, alikuwa ameshinda.

Wamarekani walilielewa jambo hilo. Walimchukua hadi New York, wakampokea kwa shangwe na msafara wa magari barabarani. Lakini dunia haikuruhusu furaha hiyo idumu. Tarehe 19 Septemba 1936, wiki mbili tu baadaye, mwalimu wake Tom Campbell Black aligongwa na ndege nyingine ya kijeshi akiwa bado ardhini katika uwanja wa Liverpool, akafa. Huyu alikuwa ameshinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1934, akapita mabara na bahari salama. Kifo kilimngoja chini.

Baadaye Beryl alikaa California, na mwaka 1942 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night. Wengine wamebishana kuwa mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Kilisahaulika, naye akarudi Kenya na kufunza farasi tena, wakashinda mara kadhaa mbio za Derby ya Kenya. Uzeeni alikaa katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong, pesa zikiwa haba, na wezi wakamvamia na kumpiga. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya Marekani, kikauzwa sana, akapata kidogo cha kujikimu. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwezi mmoja kabla ya safari yake kutimiza miaka 50. Leo kuna bonde la kimondo katika sayari ya Zuhura lililopewa jina lake, Markham. Huko hata upepo wa Atlantiki haufiki.

Sasa nijibu lile swali. Kwa nini mlowezi? Kwa sababu ya Kibii. Alipotahiriwa akawa mwanamume na kuitwa arap Ruta. Yule aliyekuwa mwenzake wa mbio na mikuki alikuja kuajiriwa na Beryl, akatunza farasi wake na baadaye akasaidia kuitunza ndege yake. Walipokuwa watoto waliitana kwa majina, lakini sasa Beryl alikuwa memsahibu. Tangu kipande kianze kutumika, karibu na mwaka 1920, mwanamume Mwafrika hakuweza kutafuta kazi wala kutembea mbali bila kibati hicho shingoni. Walikua mahali pamoja, wakajifunza ujasiri pamoja, tena kwa mwalimu mmoja, arap Maina baba yake Kibii. Mmoja akavuka Atlantiki. Mwingine hakuwahi hata kuulizwa kama angependa kujaribu. Umbali huo, wanachama wenzangu, hauko katika atlasi yoyote. Naye alikuwa na upepo wa mbele mkali kuliko wa bahari.

Simlaumu Beryl kwa kuruka. Ujasiri wake ni wa kweli na saa 21 zile alizikaa mwenyewe. Ila ninaposoma mafanikio ya mtu siku hizi huwa nauliza upepo ulikuwa unatoka upande gani. Anayesukumwa kutoka nyuma huonekana hodari, na anayepigwa usoni huonekana mvivu, kumbe pengine injini yake ndiyo yenye nguvu zaidi.

Na upepo hubadilika. Mwaka 2014 Irene Koki Mutungi, binti wa Kenya, alitambuliwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa nahodha wa ndege aina ya Boeing 787. Kisha tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari ya kutoka Nairobi hadi New York bila kutua, karibu kilomita 11,800. Ndege hizo ziliifikia New York ambayo Beryl hakuifikia. Na je, unajua ratiba ilisemaje? Kwenda ilikuwa saa 15, kurudi saa 14. Barabara ya angani ni ileile. Ile saa moja ni ya nani? Msomaji, sasa jibu unalo.

Basi siku nyingine ukiwa ndani ya matatu ya kwenda Meru, mmekwama nyuma ya lori kwenye mteremko wa Nithi, usiudhike sana. Piga hesabu ya kilomita na dakika, halafu ujiulize na lile swali la mwalimu wetu. Hapo ndipo ninapoiweka kalamu yangu chini.